Safari ya Pakacha, Kutoka Shamba hadi Mji Mkongwe

GARI namba 310 la Makunduchi linapoingia mjini Unguja, juu ya paa huwa kuna magunia ya muhogo, mikungu ya ndizi na mapakacha. Abiria wakishuka, safari yao imekwisha. Ya mzigo bado.

Ikiwa mwenye mzigo anakaa Sokomuhogo au Shangani ndani, hakuna daladala litakaloufikisha mlangoni. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vya zama za miguu na punda. Kwingine watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani. Hapo mkokoteni, baiskeli na vespa hupokea kazi.

Mgeni huona usumbufu: kwa nini kupakia na kupakua mara mbili? Lakini hesabu yake inakubali. Gari hubeba mizigo ya watu wengi kwa nauli ndogo, ila haliachi barabara yake. Mkokoteni hauwezi kwenda Makunduchi, lakini kona za mji hazikushindi. Wataalamu wa hesabu duniani hutumia kompyuta kutafuta jibu la swali hilo hilo: mzigo ushushwe wapi, saa ngapi, na upokewe na chombo gani?

Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, na barabara zake kuu huelekea mjini. Kwa hiyo kifurushi cha Nungwi kinachokwenda Jambiani huja mjini na gari namba 116, kisha hupanda namba 309. Lakini si kila mzigo lazima ufike mjini. Wa kutoka Makunduchi kwenda Bwejuu unaweza kushushwa Kitogani, njia zinapoachana, ukapanda gari linalotoka mjini. Safari ndefu ya kwenda na kurudi imeokolewa.

Hatari iko pale pa kubadilisha. Pweza akisahauliwa juani, bei yake huanguka. Dawa ya bibi ikilikosa gari la mwisho la jioni, hulala mjini, na bibi hulala bila dawa.

Basi unapotuma kitu, andika jina na simu ya mpokeaji juu ya mfuko wenyewe. Patana na utingo malipo mapema, umtajie kituo cha kushushia. Kisha mpigie mpokeaji gari linapoondoka, ili awe kituoni kabla halijafika. Heri mtu aungoje mzigo kuliko mzigo umngoje mtu.