Haiko kichwa ngumu, ni woga

Wasikilizaji wa kipindi chetu cha asubuhi bado wanalikumbuka jina la Saint Boy. Si mwanamuziki, wala si mchezaji wa mpira. Ni farasi. Tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 2021, huko Tokyo kwenye michezo ya Olimpiki, alikataa kuruka vizuizi mbele ya kamera za dunia nzima. Mjerumani Annika Schleu, aliyekuwa mgongoni mwake na aliyekuwa akiongoza mashindano, akashuka mpaka nafasi ya 31. Nilisoma habari hiyo hewani kwa sentensi nne, nikaendelea na bei ya mihogo sokoni. Simu zilizoingia siku hiyo hazikuuliza bei ya mihogo.

Mukumbuke tulikuwa katika hali gani hapa Goma. Nyiragongo ilikuwa imelipuka tarehe 22 mwezi wa tano mwaka ule ule. Ardhi ilitetemeka siku nyingi baada ya moto, mji ukaambiwa uhame, watu wakaenda Sake, Bukavu, wengine wakavuka mpaka. Mwezi wa nane, familia ambazo nyumba zao zilikuwa chini ya mawe zilikuwa zingali kwenye mahema. Kutoka huko ndiko nilikopigiwa simu na papa mmoja ambaye kijana wake alikuwa amemwonyesha video kwenye telefone. Alisema: «Huyo farasi ni kichwa ngumu tu. Mnyama wa kulishwa vizuri vile, anakataa kazi siku ya kazi!» Mama mmoja akapiga nyuma yake: «Hapana Papa, angalia macho yake. Ile haiko kichwa ngumu. Ile ni woga.»

Mimi sijawahi kupanda farasi. Wengi wetu hapa tunajua ng'ombe, mbuzi na nguruwe; farasi tunamwona kwenye filamu. Lakini ubishi wa watu wale wawili haukuniacha. Nikaanza kusoma kila nilichopata, nikauliza daktari wa wanyama tunayemwalikaga kwenye kipindi cha wafugaji, na kadiri nilivyoendelea niliona kwamba mama yule alikuwa amesoma picha vizuri kuliko waandishi wengi, mimi nikiwa mmoja wao.

Kwanza, mchezo wenyewe. Unaitwa pentatlo ya kisasa. Wakati ule mtu mmoja alicheza michezo mitano: upanga, kuogelea, kuruka na farasi, halafu kukimbia pamoja na kupiga shabaha. Uliingia Olimpiki mwaka 1912 kule Stockholm, na mwanzilishi wake, Pierre de Coubertin, alikuwa na picha ya askari anayebeba ujumbe katikati ya maadui. Askari wa namna hiyo hachagui farasi. Anapanda yule anayemkuta. Ndiyo sababu kwenye pentatlo mchezaji hakuja na farasi wake. Farasi walitolewa na wenyeji wa mashindano, majina yalipigiwa kura, na mchezaji alipewa dakika 20 za kuzoeana na mnyama ambaye hakuwa amewahi kumwona.

Dakika 20. Muda huo ni mfupi kuliko foleni ya maji ya asubuhi kwenye kambi.

Na Saint Boy hakufika kwa Schleu akiwa mbichi. Siku hiyo hiyo alikuwa amepandwa kwanza na mchezaji mwingine, Gulnaz Gubaidullina kutoka Urusi, na kwake pia alikuwa amekataa kuruka. Kwa hiyo alipoletwa mara ya pili alikuwa tayari amejifunza kitu kuhusu uwanja ule: kwamba humo ndani mambo yanaharibika. Farasi ana kumbukumbu ndefu ya mahali alipoogopa. Schleu alianza kulia hata kabla hajaingia uwanjani, kwa sababu farasi alikuwa akirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kocha wake, Kim Raisner, akasikika kwenye televisheni akimwambia ampige kweli kweli, na yeye mwenyewe akampiga farasi ngumi kutoka ng'ambo ya uzio. Shirikisho la mchezo huo likamfukuza kocha kwenye mashindano yaliyobaki.

Sasa tumwangalie mnyama. Farasi ni wa kuliwa. Ninasema hivyo kwa maana ya porini: simba na mbwa mwitu walimla, na hana pembe wala meno ya kujitetea kama ya fisi. Silaha yake ni kutoroka mapema. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote. Mahali asipoona ni nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Masikio yanageuka kila moja upande wake. Anakimbia kwanza, halafu ndipo anageuka kuangalia kilikuwa nini. Wazee wake waliosimama kwanza kuchunguza hawakuacha watoto.

Mtu wa Goma anayeruka kutoka kitandani lori likipita barabarani, kabla hajajua ni lori, hahitaji nimweleze zaidi.

Daktari wa wanyama alinifundisha dalili. Moyo wa farasi aliyepumzika hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, polepole kuliko wetu. Akiogopa unapanda haraka hata kama hajatembea hatua moja. Jasho linatoka shingoni na hakuna jua. Mavi yanakuwa laini, tena mara nyingi. Anasaga meno, anapiga mkia bila nzi, anachimba chini kwa kwato, weupe wa macho unaonekana. Wengine, wakifungiwa bandani siku nzima, wanayumba kushoto na kulia saa nyingi au wanauma mbao na kuvuta hewa. Lakini kuna dalili moja inayodanganya, na kwangu ndiyo kubwa: farasi mwingine akiogopa sana ananyamaza. Anasimama kama mti. Anayepita anasema, «Ona alivyo mtulivu,» kumbe mwili umejifunga, na utakapofunguka utafunguka kwa kishindo. Nimeona watoto wa namna hiyo mbele ya hema. Wageni wanawasifu kwamba wana adabu.

Halafu kuna jambo lililonigusa kama mtu wa redio. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi, Linda Keeling na wenzake, walitoa jaribio jepesi sana. Watu waliongoza au walipanda farasi, wakapita mahali pamoja mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini moyo wa mtu ulipiga haraka, na moyo wa farasi nao ukapiga haraka. Farasi hakuambiwa lolote kuhusu mwavuli. Aliambiwa na mkono ulioshika kamba, na mapaja yaliyokaza, na pumzi iliyokatika.

Wajerumani walikuwa na habari hiyo tangu zamani. Kule Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, mwalimu mstaafu aitwaye Wilhelm von Osten alikuwa na farasi Hans ambaye watu waliamini anajua hesabu. Unamuuliza tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato mara saba. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst akaeleza siri yake: kama muulizaji mwenyewe hajui jibu, Hans pia halijui. Farasi alikuwa anasoma kichwa na uso wa muulizaji, vitu vidogo ambavyo muulizaji hakujua anavifanya, na akiona mtu amelegea anaacha kupiga kwato. Watu walicheka kwamba Hans si mwerevu. Mimi naona ni werevu wa kutisha.

Rudisha hilo Tokyo. Mchezaji anayelia, kocha anayepaza sauti, hatamu zimevutwa huku visigino vinasukuma, yaani simama na nenda kwa wakati mmoja. Saint Boy alipokea ujumbe wote huo, na ujumbe ulikuwa sahihi: mtu aliye juu yangu anaogopa, basi kuna simba. Fimbo ilithibitisha simba. Schleu alitukanwa vibaya sana kwenye mitandao baada ya siku ile, na mimi siungani na waliomtukana. Yeye naye alikuwa kiumbe mwenye hofu aliyepewa dakika 20. Ngumi ya kocha ni jambo lingine, hiyo siitetei.

Wanaofanya kazi na farasi wa mashindano kwa uvumilivu wanafanyaje? Wengi wanaanza na tumbo, na hapa Papa wa kwanza angeshangaa. Tumbo la farasi linatoa asidi mchana na usiku, hata asipokula, kwa sababu aliumbwa kutafuna majani karibu siku nzima. Ukimpa nafaka mara mbili na kumwacha tupu kati yake, asidi inamchoma, na vidonda vya tumbo ni vya kawaida sana kwa farasi wa michezo. Mnyama anayeumwa tumbo anaitwa mkorofi. Kwa hiyo muite daktari kwanza: tumbo, meno, mgongo chini ya tandiko. Mpe majani makavu mbele yake muda wote, mpe uwanja wa kutembea, mpe mwenzake. Kuna farasi wanaosafiri kwenda mashindanoni pamoja na mbuzi, kwa sababu tu bila mbuzi yule hawalali.

Kuhusu kelele, wanatumia kile ninachotumia mimi kazini. Wanacheza sauti ya umati, makofi, vipaza sauti, muziki, chini sana, wakati farasi anakula kwake. Wanaongeza kidogo siku baada ya siku. Akisimamisha kutafuna na kuinua kichwa, wanarudisha sauti chini. Mabanda mengi huachwa redio ikizungumza polepole saa zote. Kosa ni kufungulia yote mara moja ukitumaini atazoea. Hapo ndipo wengine wanapojifunga kama mti nilivyosema. Na mkono nao una kazi. Farasi wenyewe hukwaruzana kwa meno mbele ya mabega, chini ya shingo. Watafiti wa Ufaransa walipokwaruza mahali hapo kwa mkono, moyo wa farasi ulishuka. Wapandaji wazuri hukwaruza hapo badala ya kupigapiga shingo, ambako ni desturi ya binadamu tu.

Dawa za kutuliza zipo, ila shirikisho la kimataifa la farasi, FEI, linazikataza mashindanoni. Farasi aliyelegezwa kwa sindano anaweza kukosea mguu juu ya kizuizi, na anayeanguka naye ni mtu.

Nilieleza haya yote kwenye kipindi cha juma lililofuata. Mama yule akapiga tena. Safari hii hakuzungumzia farasi. Alisema mtoto wake wa miaka sita anakojoa kitandani tangu usiku wa Nyiragongo, na jirani anamshauri amchape. Akaniuliza kama fimbo itamsaidia. Mimi si munganga, na mtoto si farasi. Mtoto anaweza kuulizwa. Nilimpa nafasi mwanasaikolojia tuliyekuwa naye studioni. Alimwambia asimchape, amwoneshe kila jioni yeye mwenyewe atalala upande gani wa hema, amruhusu mtoto ashike tochi, na Mama naye atafute mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu mtoto anasoma pumzi yake. Sikuwa nimemwambia habari ya mwavuli wa Uswidi.

Shirikisho la pentatlo liliamua mwezi wa kumi na moja mwaka ule kuondoa farasi baada ya michezo ya Paris. Mwaka 2024 waliruka mara ya mwisho kwenye bustani za Versailles. Kuanzia Los Angeles 2028 nafasi yao inachukuliwa na njia ya vizuizi ambayo mchezaji anaipita kwa miguu na mikono yake.

Huku kwetu, tangu wakati ule, mahema yameongezeka, yakahamishwa, yakaongezeka tena. Mama yuleyule ndiye aliyeomba kwenye mkutano wa wasikilizaji kwamba habari za jioni zisianze tena na mlio wa risasi uliorekodiwa. Alisema mtu mwenye redio yake anaweza kupunguza sauti, lakini kwenye kambi redio ni ya jirani, na hema halina ukuta. Mwenzangu mmoja alipinga: mlio ni ushahidi, bila mlio watasema tunatunga. Tulibishana karibu saa nzima. Sasa mlio tunautunza kwenye kumbukumbu za studio, na jioni ninasema kwa mdomo: risasi zilisikika mahali fulani, saa fulani, kwa muda fulani. Mwenzangu bado hajakubali.