Kompyuta Yako, Sitara Yako



Mfunguo mosi umeingia na harusi zimepangana. Tumezoea kuzungumza juu ya hina, singo, sare na mikoba ya ukumbini. Leo tunaomba tuzungumze juu ya kitu ambacho hakimo katika orodha ya biharusi yeyote: laptopu. Ndani yake siku hizi mna majina ya wageni, hesabu za pilau na ukumbi, kadi, vyeti vyetu vya skuli na, zaidi ya vyote, picha. Picha za usiku wa hina. Picha za kupambwa. Picha za ukumbi wa wanawake, ambamo mama zetu, shangazi zetu na mashoga zetu wamevua mabuibui yao kwa sababu waliahidiwa kuwa hapana jicho la mwanamme.

Basi siku laptopu hiyo ikigoma kuwaka, tunafanya nini? Wengi wetu tunaitia kwenye mkoba, tunampa kaka au mume aipeleke kwa fundi, na neno la siri tumeshaliandika kwenye kikaratasi. Jioni tunaambiwa imepona. Hatukuambiwa iliumwa nini, wala hatujui ilifunguliwa mbele ya nani.

Tuseme wazi ili tusimdhulumu mtu: mafundi wetu wengi ni watu wa heshima na riziki yao ni ya halali. Lakini amana hailindwi kwa dhana nzuri peke yake. Dhahabu tunaifungia kabatini hata katika nyumba ya watu wema. Na jambo ambalo biharusi wengi hawaambiwi ni hili: sehemu kubwa ya matatizo yanayotutoa nyumbani na laptopu mkononi ni madogo, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyamaliza mwenyewe akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Sisi hatukusomea kompyuta. Mmoja wetu anasomesha skuli ya msingi, mwengine anaoka keki za harusi, mwengine yupo nyumbani na watoto wanne. Tulichonacho ni daftari moja. Kila tatizo tunaloliona tunaliandika humo: limeanza lini, kioo kimesema nini, tumefanya nini, imesaidia au haikusaidia. Kila daftari likijaa tunaona matatizo ni yale yale, yanarudi kama wageni wa Idi.

Tunaanza kama tunavyoanza kwa mtoto mwenye homa, kwa kuuliza. Imeanza lini? Kabla ya hapo nini kilibadilika: kuna programu mpya, flashi ya mtu, umeme ulikatika? Pili, tunasoma maneno yaliyo kwenye kioo badala ya kuyafunga kwa hofu. Tunayapiga picha kwa simu, kisha tunayaandika vile vile yalivyo katika intaneti na kutafuta. Tatizo lako limeshampata mtu mwengine, na mara nyingi ameshaeleza alivyolitatua. Tatu, tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano pamoja, hutajua kipi kilichoponya, wala kipi kilichoharibu.

Mwaka jana binti mmoja wa familia yetu alikuwa bado yumo ndani ya fungate wakati laptopu yake ilipozima. Mpiga picha, mwanamke mwenzetu, alimpa picha zote za wanawake kwenye flashi. Akazihamishia kwenye laptopu na kuirejesha flashi, na mpiga picha akazifuta kwake kama walivyokubaliana. Usiku umeme ukakatika na kurudi, na asubuhi laptopu haikuwaka. Taa ya chaja inaonekana, kioo cheusi. Mume wake, Mwenyezi Mungu amjaalie kheri, alikuwa tayari kutoka nayo saa ile ile. Binti akamwambia, "Mume wangu, picha hizi si zangu peke yangu."

Tukaitwa. Tulichofanya kinaweza kufanywa na mtu yeyote. Tuliondoa chaja na kila kilichochomekwa. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde 30 bila ya kukiachia. Kompyuta hubakisha chembe ya umeme ndani, na pengine huganda katika hali hiyo. Kushikilia kitufe huimaliza. Kisha tukaichomeka chaja moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa ekstensheni, tukawasha. Ikawaka. Kabla ya kushangilia tulizihamisha picha zote kwenye diski ya nje, na diski ile ikaingia kabatini. Wanawake waliokuwamo katika picha zile mpaka leo hawajui kuwa zilikaribia kutoka nje ya nyumba, na ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Haya mengine yamo daftarini mwetu, nasi tunayatoa kwa mpango huo huo.

Kompyuta ikiganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi. Chagua iliyokwama na uifunge. Ikiwa bado nzito, tumia Restart badala ya Shut down. Katika Windows 10 na 11, ukiizima kwa kawaida kompyuta nyingi huhifadhi sehemu ya kazi yake ili ziwake haraka, na kosa linaweza kulala na kuamka pamoja nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Ikiwa nzito kila siku, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi E, nenda This PC, utizame diski. Ukiona mstari mwekundu, imejaa. Video za harusi ndizo zinazokula nafasi kubwa. Zihamishe kwenye diski ya nje, kisha mwaga na pipa la taka, kwani ulichokifuta hubakia humo na kuendelea kushika nafasi.

Flashi ikirudi kutoka kwa mtu na mafaili yote yamegeuka njia za mkato, usilie na usiiformati. Hiyo ni virusi ya kawaida mno kwetu, na aghlabu mafaili yapo, yamefichwa tu. Usizifungue njia za mkato zile. Ikague kwanza flashi kwa Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows bila ya malipo. Kisha fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka badala ya E herufi ya flashi yako. Mafaili yatajitokeza. Yahamishe, halafu ndiyo uisafishe flashi.

Printa ikikataa kutoa kadi, tizama foleni yake. Kadi moja iliyokwama huzuia zote za nyuma, kama mkokoteni uliokwama kichochoroni Mji Mkongwe. Futa foleni yote, zima printa na kompyuta, washa printa kwanza, kisha jaribu na ukurasa mmoja.

Intaneti ikipotea, angalia simu yako kwenye waifai ile ile. Simu ikipata, tatizo lipo kwenye laptopu. Isipopata, chomoa rauta, hesabu nusu dakika, chomeka tena.

Na maneno yakitokea kwenye kioo kuwa kompyuta yako ina virusi na upige simu namba fulani, usipige. Hao ni matapeli. Kampuni ya Windows haiweki namba ya simu katika matangazo yake ya hatari. Funga ukurasa, au zima kompyuta kabisa.

Kwetu visiwani kuna mambo mawili zaidi. La kwanza umeme. Waliokuwa Unguja hawajasahau giza la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi 3 nzima. Hata ukikatika kwa muda mfupi tu, hatari kubwa ipo pale unaporudi, maana huweza kuja na kishindo. Ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache utulie. La pili ni hewa ya bahari. Ina chumvi na unyevu, na vyote viwili ni adui wa chuma. Usiiache laptopu dirishani. Vumbi na moshi wa udi huziba feni, na feni ikiziba kompyuta hupata joto na kuzima yenyewe. Chetezo na laptopu visikae chumba kimoja, khasa wakati wa kufukiza nguo za harusi.

Kujitegemea hakumaanishi kugusa kila kitu. Ikiwa imemwagikiwa na maji au chai, zima hapo hapo, chomoa, usiiwashe kujaribu. Betri ikivimba, usiibonyeze wala usiichaji. Ukisikia harufu ya kuungua, au diski inagonga tik-tik, simama. Hapo fundi ni wajibu, na kumlipa ujira wake ni haki yake.

Lakini nenda kwa utaratibu. Ikiwa inawaka, hamisha picha kwanza, na umfungulie fundi akaunti yake peke yake katika Windows badala ya kumpa neno lako la siri. Usidhani kufuta kunatosha, kwani kilichofutwa katika diski mara nyingi huweza kurudishwa kwa programu maalumu. Ikiwa haiwaki, mwambie aitoe diski mbele yako na akukabidhi; katika laptopu nyingi hushikwa na skrubu chache tu, na kioo, chaja au kibodi hutengenezwa bila ya kuihitaji. Ukiweza, kaa naye mpaka amalize, wewe na mama au kaka yako. Na kabla hajaipiga Windows upya, uliza: mafaili yangu yanabaki au yanakwenda? Swali hilo moja limeokoa kumbukumbu za watu.

Wapo wanaosema kompyuta ni kazi ya wanaume. Mtungi ukivuja tunauziba wenyewe, cherehani ikikata uzi tunaifungua wenyewe, jiko la gesi tunalibadilisha mtungi wenyewe. Tofauti ya laptopu ni kuwa hakuna aliyetukalisha chini akatuonesha. Basi tuoneshane. Somo anayemfunda biharusi kutunza nyumba yake, amfunde na hili: nyumba siku hizi ina chumba kimoja zaidi, chenye kioo na kibodi, na ndani yake wamo wanawake waliotuamini.

Dini yetu imetufundisha kusitiriana na kutunza amana, na anayemsitiri mwenzake ameahidiwa sitara ya Mola wake. Hatukuambiwa amana ni ya dhahabu na siri za maneno peke yake. Picha ya shangazi yako akicheza kwa furaha usiku wa hina ni amana, na aliyeishika ni wewe, biharusi, pengine bila ya kufikiri kuwa umepewa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya wanja na kabla ya kuchagua rangi ya ushungi, fanya mambo matatu. Nunua diski ya nje, hata ndogo, na uhamishie picha zako. Ziwe na nakala ya pili katika nyumba ya mama, maana kitu chenye nakala moja ni kama hakipo. Na ununue daftari, ukurasa wa kwanza uandike jina la laptopu yako, Windows yake ni namba ngapi, na tatizo la mwisho iliyoumwa. Ikiwa ni Windows 10, kumbuka kuwa matengenezo yake ya usalama ya kawaida yalifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo tizama katika mipangilio kama mashine yako inakubali kupanda 11.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zetu, atusitiri sisi na wazee wetu, na atujaalie tuwe wenye kutunza tulichopewa. Amin.

Wabillahi tawfiiq.