Kiti cha bunduki na fundi wa Minova

Fundi wa mbao alionyeshwa picha kwenye simu ya kijana wake: kiti cha mikono, chote chuma. Akakiangalia kama fundi anavyoangalia kazi ya mwenzake, kwanza miguu, kisha viungo. Ndipo akaona kwamba mguu ni mtutu wa bunduki.

Yeye alitoka Masisi na misumeno miwili na randa. Leo anaishi Minova, kwa jamaa iliyompokea pamoja na mke na watoto sita. Nyumbani aliacha viti vinne vya libuyu alivyovitengeneza mwenyewe. Wahami wanajua: kiti hakibebwi. Mtu hubeba mtoto, godoro, sufuria. Kiti kinabaki, na mara nyingi wa kwanza kukikalia ni mwenye silaha.

Kiti cha picha kilitengenezwa Msumbiji. Vita vya huko vilianza 1977, vikaisha kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Roma mwaka wa 1992, lakini bunduki zilibaki mikononi mwa watu, nyingine zimefukiwa mashambani. Mwaka wa 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, kwa juhudi ya Askofu Dinis Sengulane wa kanisa la Anglikana, lilianza kuwaomba wakaaji wazitoe. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli, cherehani au mabati ya kuezeka nyumba. Silaha zilikatwa vipande zisitumike tena, na baadhi ya vipande vikafika kwa wasanii wa Maputo. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, anayeitwa pia Kester, aliunganisha kiti hicho mwaka wa 2001. Sasa kiko London, katika jumba la British Museum.

Mgongo wake ni vitako vya bunduki mbili za zamani za Wareno, na matundu yake yanafanana na macho na mdomo unaocheka. Vipande vingine vilitoka Urusi ya Kisovieti, Poland, Czechoslovakia, hata Korea ya Kaskazini. Hakuna bunduki hata moja iliyotengenezwa Msumbiji. Waliouawa nazo ndio walikuwa wa Msumbiji.

Msanii mwingine wa Maputo, Gonçalo Mabunda, ameendelea kuunda viti vya enzi na vinyago kwa chuma cha namna hiyo, na matajiri wa Ulaya huvinunua ili kuviweka nyumbani mwao.

"Wananunua kiti kisichokaliwa?" fundi akauliza.

"Baba, ni cha kuangalia."

Akacheka kidogo. Lakini kilichomshika zaidi ni yale mabati, kwa sababu nyumba yake Masisi imeezuliwa. Jioni akawaeleza watu wa pale uani. Mama mwenye nyumba akasema mwana wa dada yake yuko porini na bunduki, na kwa cherehani angeitoa hata kesho. Ila anaogopa njia: akutwe mikono mitupu na wale wa upande mwingine, nani atamtetea?

Hakuna aliyemjibu.

Kabla ya kulala fundi alimwomba kijana asifute picha ile. Asubuhi anataka kutazama tena namna mguu wa nyuma ulivyoshikwa na kikalio.