KUNA MTUNZA MIZIGO



Ukipanda treni ya usiku kutoka Nairobi, unafika Mombasa kabla ya alfajiri. Lakini hoteli nyingi hazikupi chumba mpaka mchana. Hapo una asubuhi nzima, mji mzuri mbele yako, na begi zito mkononi.

Mwangalie mtu mwenye begi. Anafika Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, lakini hapandi juu ukutani kuitazama bahari, kwa sababu ngazi na sanduku havipatani. Anaingia Mji wa Kale, vichochoro ni vyembamba, magurudumu yanakwama. Milango ya nakshi anaipita tu, macho yako kwenye zipu. Hata akikaa kunywa kahawa, mguu mmoja umekanyaga kamba ya begi. Amefika Mombasa, lakini hajaiona. Na pengine hoteli ile ile ingemwekea begi mapokezi tangu asubuhi, kama angeuliza tu!

Sasa fungua 1 Samweli 17. Mzee Yese alimtuma Daudi kambini na bisi, mikate kumi na jibini kumi. Huo haukuwa mzigo wa dhambi. Ilikuwa kazi ya baba yake. Lakini ukisoma mstari wa 22, utaona alimkabidhi mtunza mizigo vitu vyake, ndipo akakimbilia walikojipanga askari. Huko ndiko alikomsikia Goliathi. Angebaki kulinda jibini, siku yake ingempita.

Rudi sura ya 10, mstari wa 22 pia. Siku Sauli anatangazwa mfalme, alitafutwa akakosekana. Kumbe amejificha katikati ya mizigo! Mtu mrefu kuliko wote Israeli, na mizigo imemmeza.

Leo nasema na wewe uliyebeba mzigo halali: karo, mama mgonjwa, deni la chama. Umeushikilia hata mtoto anakuletea daftari lake na humwoni. Unaingia nao ibadani, unatoka nao, na hukumbuki neno lililohubiriwa.

Mpendwa, kukabidhi si kutupa. Msafiri jioni hurudi kuchukua begi lake. 1 Petro 5:7 inatufundisha kumwachia Mungu fadhaa zetu, na mara nyingi Yeye hutumia watu kuzipokea. Kuna ndugu yako anayeweza kukaa na mama Jumamosi moja. Kuna mwalimu mkuu unayemkwepa, badala ya kwenda kuongea naye kuhusu karo. Uliza. Piga simu hiyo leo, kabla jua halijatua.

Baba, mwenye mzigo anayesoma hapa, mfungue mikono. Umwonyeshe mtunza mizigo uliyemwekea, na macho yake yaone siku uliyompa. Kwa jina la Yesu, Amina.