Nyumba ya Wawili, Deni la Wawili: Barua ya Shangazi

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako amesikia kwamba mumeo amehamia Nakuru, kwamba wewe na watoto mmebaki kwenye nyumba ya Syokimau, na kwamba benki haijalipwa huu mwezi wa pili. Ya ndoa yana wazee wake, na kikao kitaitwa. Barua hii ni ya deni tu, kwa sababu deni halingoji kikao.

Wenzi wanaokopa pamoja huweka saini mkataba unaomfunga kila mmoja kwa deni lote. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mume aliyehama hujiona hana deni tena kwa kuwa halali tena katika nyumba hiyo. Mke aliyebaki huona akilipa peke yake atakuwa anamjengea mtu. Benki haina habari na hayo. Ikimkosa mmoja humdai mwenzake, na humdai deni lote. Hata wakiandikiana mkataba wa kutengana mbele ya wakili, kwamba mume atalipa nyumba na mke atalipa karo, mkataba huo unawafunga wao wawili. Benki haikuutia saini.

Wanawake wengi nchini Kenya hutegemea Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013. Ni kweli kwamba kifungu cha 12 kinamkataza mume kumfukuza mke, au mke kumfukuza mume, kutoka nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama. Lakini kifungu hicho hicho kinaitaja benki yenye rehani miongoni mwa wanaoweza kumtoa mtu humo. Mke anaweza kushinda kesi yote dhidi ya mumewe, kisha akatolewa na dalali.

Njia ya kufikia mnada imeandikwa wazi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki hutoa kwanza notisi ya kutaka malimbikizo yalipwe, na muda wake haupungui miezi 3. Ikipita bila malipo, inakuja notisi ya kuuza, siku 40. Baada ya hapo dalali anatoa yake, siku 45. Ni karibu nusu mwaka. Muda huo unamtosha mtu anayefungua barua zake. Tatizo ni kwamba notisi hutumwa kwenye anwani iliyoandikwa siku ya kukopa, na mara nyingi hiyo ni sanduku la posta la kazini kwa mume, au barua pepe ambayo nywila yake anayo yeye. Shangazi amewaona walioijua habari ya nyumba yao kwenye tangazo la gazetini. Mweleze afisa wa mikopo, kwa maandishi, anwani na simu yako mwenyewe.

Na kabla hata ya mnada kuna CRB, ofisi inayotunza rekodi za wakopaji. Mkopo usiolipwa siku 90 huhesabiwa kuwa mbovu, na majina yote mawili yanaweza kupelekwa huko. Rekodi hiyo hukaa miaka 5 baada ya deni kulipwa. Mwalimu kama wewe, anayetarajia kukopa tena kwa ajili ya masomo ya watoto, ataikuta kila mlango atakaogonga.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hasira hupungua mbele ya tarakimu. Chukua mkopo wa shilingi 5,000,000, riba asilimia 14 kwa mwaka, miaka 20. Malipo ya mwezi ni kama 62,000, na katika mwezi wa kwanza zaidi ya 58,000 kati ya hizo ni riba. Baada ya miaka 3 wenzi wameshatoa zaidi ya milioni 2.2, na deni lenyewe limepungua kwa kama 170,000 tu. Bado wanadaiwa milioni 4.83. Nyumba ikiwa na thamani ya milioni 6, mali wanayogombania kwa mawakili wawili ni kama milioni 1.17, na kila mwezi usiolipwa unaimega kwa riba ya zaidi ya 56,000, kabla ya faini.

Ikifika mnadani, bei ya kuanzia hutokana na thamani ya kuuza kwa haraka, ambayo aghalabu huwa karibu robo tatu ya bei ya soko. Kwa nyumba hiyo ni milioni 4.5. Haitoshi hata kulipa benki, sembuse gharama za dalali. Wenzi wanaondoka bila nyumba, bila senti, na bado wanadaiwa salio kwa pamoja.

Kwa hiyo, mwanangu, usingoje mume aanze. Nenda benki mwenyewe. Omba taarifa ya mkopo inayoonyesha malimbikizo peke yake na jumla ya kufunga deni peke yake, kwa kuwa hizo ni namba mbili tofauti na watu huzichanganya wakaogopa bure. Uliza kama bima ya nyumba bado iko hai. Ikiisha, benki huweza kuilipia yenyewe na kuongeza gharama yake kwenye deni. Kisha andika barua ya kuomba mkopo upangwe upya: muda uongezwe, au kulipwe riba tu kwa miezi michache, au malimbikizo yagawanywe kwenye miezi ijayo. Peleka nakala 2, na moja irudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Maneno ya afisa kwenye simu hayana uzito afisa huyo akihamishwa tawi.

Unachoweza kulipa, lipa kutoka akaunti yako, na utunze risiti. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja. Kila mmoja huonyesha mchango wake. Sheria ya 2013 inahesabu malezi ya watoto na kazi za nyumbani kuwa mchango pia, nayo hiyo ni haki yako isiyohitaji risiti za benki. Lakini mkopo uliolipwa na mke peke yake wakati wa kutengana, kwa ushahidi, haumpotei. Anaweza kuudai mbele ya hakimu. Nyumba iliyokwisha pigwa mnada hakuna wa kuidai.

Mahakama itumiwe kwa uangalifu. Wengi hukimbilia kuomba zuio, wakitumaini mnada utasimama kwa sababu kuna kesi ya talaka au kwa sababu hesabu ya benki ina makosa. Mahakama za Kenya zimesema mara nyingi kwamba ubishi juu ya kiasi cha deni pekee hautoshi kuzuia mauzo. Notisi ikikosewa ndipo wakili anapata pa kushika, na hata hapo benki hurudi ikaanza upya.

Mkiona wote wawili hamuwezi, iuzeni wenyewe mapema, kwa idhini ya benki, kwa bei ya soko. Wakili wa mnunuzi huahidi kwa maandishi kuilipa benki, benki huachilia hati, na kinachobaki mnagawana. Wewe ukitaka kubaki nayo, benki itapima mshahara wako pekee, na ni lazima ikubali kwa maandishi kumtoa mume kwenye deni. Bila hivyo mwenzako bado amefungwa humo, na atakuwa na sababu ya kukukatalia.

Mwandikie mume ujumbe mfupi wa deni tu: tarehe, kiasi, jibu la benki. Usiweke humo neno la ndoa, wala usimtume mtoto.

Bahasha za benki zilizo juu ya kabati zifungue leo, usome tarehe za notisi, na kesho asubuhi umpigie shangazi kabla hujaingia benki.

Ni mimi shangazi yako,
Mombasa