Sungura wa Pili Nyumbani: Usiwatie Kibandani Pamoja Siku ya Kwanza

Msomaji mpendwa, ikiwa unafuga sungura mmoja nyumbani kwako mjini, si kwa ajili ya kitoweo bali kwa kuwa watoto wanampenda, basi huenda siku moja wanao wakakwambia kwamba mnyama huyo anahitaji mwenzake. Usiwakemee, kwani wanasema kweli. Lakini pia usikimbilie sokoni ukanunua yeyote unayemwona, ukamtumbukiza kibandani mwa yule wa zamani ukitarajia kwamba watapendana papo hapo. Wewe na mimi hatuwezi kulala kitanda kimoja kwa sababu tu sote ni watu. Sungura nao ni vivyo hivyo.

Lugha yetu hutumia neno moja, sungura, kwa wanyama wawili tofauti. Yule mjanja wa hadithi, anayemchezea fisi shere, ni wa porini. Huyo aghalabu hukaa peke yake nyasini, hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi. Sungura tunayemfuga ni mwingine. Asili yake ni Ulaya, hasa upande wa Uhispania, ambako jamaa zake wa mwituni huishi mashimoni kwa makundi, na watoto wao huzaliwa uchi wakiwa wamefumba macho. Huyu ni mnyama wa ukoo. Hata ukimjazia nyasi na majani, akikaa peke yake mwaka nenda mwaka rudi, kuna kitu anachokosa.

Hata hivyo, huko mashimoni kila ukoo una mipaka yake, na kila mmoja ana cheo chake. Mgeni akitokea hufukuzwa kwa meno na kucha. Hapo ndipo penye kitendawili: sungura wako anamtamani mwenzake, na papo hapo yuko tayari kumrarua akiingia kwake bila hodi.

Katika nyumba yetu jambo hili lilianza Januari 2019. Tunakaa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo nyuma. Mwezi huo binti yetu alijiunga na Kidato cha Kwanza katika shule ya bweni. Alimwachia mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka tisa, sungura wao aitwaye Pamba. Pamba alikuwa jike mweupe wa aina ya New Zealand, mwenye uzito wa kilo nne na ushee.

Mvulana yule alibadilika. Hakuwa mkorofi, la, alikuwa mnyamavu. Akitoka shuleni alikwenda moja kwa moja uani, akaketi kando ya kibanda hadi aitwe chakula cha jioni. Pamba naye alikuwa ameanza kutafuna seng'enge ya kibanda, na saa nyingine alikaa ameelekea ukutani bila kujali anayepita. Jioni moja nilimwuliza mwanangu mbona hachezi na wenzake barabarani. Akanijibu, "Baba, Pamba anashinda peke yake kama mimi."

Msomaji, kama wewe ni mzazi unajua maneno kama hayo yanavyoingia. Usiku ule mimi na mama watoto tulikubaliana atafutwe sungura wa pili. Tulimweleza mwenye nyumba, naye akatoa ruhusa kwa sharti moja: wawe wawili tu. Siku atakayosikia wamezaana, tutafute nyumba nyingine.

Sharti hilo si dogo ukijua hesabu za sungura. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, huweza kuzaa watoto sita, wanane au zaidi kwa mkupuo mmoja, na anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyojifungua. Kwa hivyo nilikwenda kwa daktari wa mifugo kabla hata ya kumtafuta huyo mgeni. Alinieleza kwamba jozi inayopatana kwa urahisi zaidi ni jike na dume aliyehasiwa. Madume wawili wasiohasiwa wakishakomaa hupigana vibaya mno, na majike wawili wageni nao wanaweza kugombania kibanda bila suluhu. Aliongeza kwamba jike pia anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi. Faida yake si kuzuia mimba peke yake, kwa maana saratani ya kizazi huwapata mara nyingi majike ambao hawakufanyiwa hivyo, hasa wakishapita miaka mitatu au minne. Ikiwa hujui pa kuanzia hapa Nairobi, uliza katika kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au kwa KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama.

Mwisho wa Januari tulileta dume wa miezi minne, wa rangi ya udongo. Mwanangu alimwita Kahawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sungura mgeni hapewi jembe upesi hivyo. Kwanza hutengwa wiki mbili mbali kabisa na mwenyeji, ili ionekane kama ana ukurutu, mafua au kuhara. Tulimweka jikoni katika sanduku kubwa la mbao. Aliyemlisha alinawa mikono kabla ya kumshika Pamba.

Wiki mbili zilipokwisha, Kahawa alihasiwa. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Dume aliyehasiwa leo bado anaweza kumpa jike mimba, kwa kuwa mbegu zilizobaki mwilini hukaa wiki kadhaa. Daktari alituamuru tungoje wiki sita kamili. Mwanangu alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani, akikata kila siku kwa kalamu nyekundu.

Wiki hizo hazikuwa za bure. Kahawa alihamishiwa uani, kibanda chake kikatazamana na cha Pamba kwa mwachano wa kama shibiri moja, wasije wakaumana pua kupitia kwenye waya. Kila baada ya siku mbili tulichukua nyasi alizolalia mmoja tukamtandikia mwingine. Sungura humjua mwenzake kwa pua kabla ya macho. Siku za kwanza Pamba alipiga kishindo kwa mguu wa nyuma na kuyatawanya matandiko yale. Kufikia wiki ya nne aliyalalia bila fujo. Chakula chao tuliwawekea upande ule unaotazamana, kila mmoja ale akimwona mwenzake.

Mwishoni mwa Machi wakakutana. Mahali pa kukutania pawe pale ambapo hakuna anayepaita kwake. Sisi tulitumia bafu, tukatandika magunia ili wasiteleze, tukaweka katoni mbili zenye matundu mawili kila moja, mmoja akikimbilia ndani asizibiwe njia ya kutokea. Tuliweka pia nyasi tele. Mimi nilivaa glavu nene, taulo kando. Usiingize mkono mtupu kati ya sungura wanaopigana. Meno yao hukata nyama.

Siku mbili za kwanza zilipita kwa kunusana na kufukuzana kidogo. Siku ya tatu Pamba aligeuka. Walishikana wakazunguka kama pia, manyoya yakaruka hadi dirishani. Nilipowatenganisha kwa taulo, sikio la Kahawa lilikuwa linavuja damu. Mama watoto alisema basi, mgeni arudishwe alikotoka. Jirani aliyesikia zogo alichungulia, akatushauri tuwapeleke wote kwa mwenye hoteli tupumzike. Mwanangu hakulia wala hakubishana. Alitwaa pamba na maji ya chumvi, akalisafisha lile sikio, kisha akamwuliza mama yake, "Mama, na mimi nikipigana na dada, mmoja wetu atarudishwa?"

Kahawa hakurudishwa.

Tulipumzisha siku mbili, kisha tukaanza tena kwa dakika tano tu, halafu kumi, halafu robo saa. Ni vyema ujue dalili. Mmoja kumpanda mwenzake, hata jike kumpanda dume, si lazima iwe tamaa. Aghalabu ni njia ya kuamua nani mkubwa. Kufukuzana kifupi na kung'oana unyoya mmoja mmoja pia ni kawaida. Ukiwatenganisha kwa kila jambo dogo hawatamaliza shauri lao. Lakini ukiona masikio yamelazwa nyuma, mkia umesimama, na wameanza kuzungukana wakitafuta mahali pa kuuma, ingilia kati kabla hawajashikana. Na kila kikao kiishe wakiwa watulivu, mkiwapa majani kidogo wale pamoja, ili kila mmoja aondoke na kumbukumbu njema ya mwenzake.

Binti yetu alirudi likizo ya Aprili akakuta mambo yamefika hapo. Ni yeye aliyetuita, jioni ya siku ya kumi na tisa tangu wakutane mara ya kwanza. Pamba alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya Kahawa, na Kahawa alikuwa akimlamba kipaji cha uso. Wote wanne tulisimama mlangoni pa bafu bila kusema neno. Baadaye wakalala ubavu kwa ubavu, miguu ya nyuma imenyooshwa, jambo ambalo sungura mwenye hofu hafanyi.

Hata hapo hatukuwahamisha mara moja. Walikaa pamoja siku mbili mchana na usiku katika bafu lile, nasi tukaoga kwa beseni chumbani. Kibanda kilisuguliwa kwa maji na siki kuondoa harufu ya zamani, kikageuzwa upande wa pili, tukatia maji na nyasi mbili mbili. Pamba alipoingia hakukitambua kuwa chake peke yake. Na tangu siku hiyo, mmoja akienda kwa daktari mwenzake huandamana naye, maana wakitengana wanaweza kurudi kuwa wageni.

Shule zilipofunguliwa muhula wa pili, tulimsindikiza binti yetu stendi. Mwezi Januari mdogo wake alikuwa ameng'ang'ania mkoba wa dadake hadi tukambandua. Safari hii aliupakia mwenyewe garini, akapunga mkono, kisha akaniambia twende upesi, saa ya kuwapa nyasi imefika.

Sasa, msomaji, kabla ya kumletea sungura wako mwenzake, keti na jamaa yako mjiulize maneno matatu. Je, mna fedha za daktari, na si za mnyama pekee? Je, mna mahali pa kuwaweka mbalimbali kwa miezi miwili au zaidi, na hata milele wakikataa kabisa kupatana, maana wapo wanaokataa? Na je, yuko mtu nyumbani atakayekaa chini sakafuni kila siku akiwatazama, hata siku ambazo hawapendezi kutazamwa? Mkijibu ndiyo mara tatu, mleteni.