Mgongo wa Saa ya Baba

Mtu anapotuonyesha saa yake ya mkono hutuonyesha uso wake. Tunatazama namba, mishale na kioo, tunasoma jina la kiwanda, kisha tunasema kwamba ni nzuri. Mwaka juzi, mjini Lubumbashi, tulimpelekea mfanyabiashara mmoja saa tuliyoachiwa na marehemu baba yetu, naye hakuitazama hivyo. Aliipokea, akaigeuza kifudifudi kiganjani mwake, akausoma mgongo wake kabla hata ya kusikiliza kama inatembea.

"Mwalimu," alituambia, "jina hili ndilo linaloharibu bei."

Tulikuwa na shida. Binti yetu alikuwa amebakiza sehemu ya pili ya minervali, dola 80, na mitihani ilikuwa imekaribia. Saa ile ilikuwa kitu pekee nyumbani ambacho hatukukihitaji kila siku. Baba alipewa mwaka 1978 na kampuni aliyoitumikia tangu 1953: saa ya Uswisi, ya kutia ufunguo, yenye rangi ya dhahabu lakini si ya dhahabu. Mgongoni walimchongea jina lake kamili, na chini yake maneno ya Kifaransa, "25 ans de service", yaani miaka 25 ya kazi. Mfanyabiashara alitupa hesabu mbili. Ikiwa kama ilivyo, dola 45. Tukimpelekea fundi akalisugua lile jina hata mgongo ubaki mtupu, dola 80.

Dola 35 kwa mistari miwili ya maandishi! Tuliondoka pale tumekasirika, na kwa hasira hiyo tukaanza kusoma habari za watu wanaokusanya saa kuukuu, ili tujue kama yule bwana alikuwa akitudanganya. Hakuwa akitudanganya. Lakini tulijifunza mengi kuliko tuliyoyatafuta.

Mwigizaji wa sinema wa Marekani, Paul Newman, alipenda sana mashindano ya magari. Mkewe Joanne Woodward, naye mwigizaji, alimnunulia saa ya Rolex ya aina iitwayo Daytona, na mgongoni mwake akaagiza yachongwe maneno matatu ya Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni kama kusema: endesha kwa uangalifu, ni mimi. Wakati ule saa ya namna hiyo ilinunuliwa kwa dola mia chache tu. Mwaka 1984 Newman alimpa kijana mmoja, rafiki wa binti yake, kwa kuwa kijana huyo hakuwa na saa. Tarehe 26 Oktoba 2017 saa hiyohiyo iliuzwa mnadani New York kwa dola 17,752,500. Ziko saa nyingine zenye uso kama ule, mishale kama ile, mitambo kama ile. Nazo huuzwa ghali, lakini hazikaribii bei hiyo hata kidogo. Saa ile ilikuwa mkononi mwa Newman mwenyewe, na maneno ya mkewe yalikuwa mgongoni yakishuhudia.

Vivyo hivyo kwa saa nyembamba ya Omega ambayo John F. Kennedy alipewa na rafiki yake Grant Stockdale mwaka 1960. Mgongoni iliandikwa kuwa ni ya rais wa Marekani, ilhali uchaguzi ulikuwa bado haujafanyika. Kennedy aliivaa siku ya kuapishwa kwake, Januari 1961, na leo imehifadhiwa katika makumbusho ya kiwanda cha Omega huko Uswisi. Hebu fikirini kama angeshindwa uchaguzi: maandishi yaleyale yangekuwa kichekesho.

Kwa hiyo soko lina kanuni yake. Jina la mtu anayejulikana hupandisha bei. Jina la mtu asiyejulikana huishusha, kwa sababu mnunuzi hataki kuvaa jina la mtu mwingine mkononi mwake. Kanuni hiyo haitupendezi, ila hatuwezi kusema kwamba haieleweki.

Lakini mgongo wa saa haukuwekwa kwa ajili ya majina. Kazi yake ya kwanza ni kuwa mlango. Fundi hupitia hapo kuifikia mitambo, na mlango huo ukifungwa vibaya, vumbi na jasho huingia. Iko migongo inayobanwa tu kwa nguvu ya vidole, na iko ile inayozungushwa kama kifuniko cha chupa. Rolex ilijipatia sifa mwaka 1926 kwa saa ya namna hii ya pili, isiyopitisha maji. Tena, kwa kuwa mgongo hushinda umegusa ngozi yenye jasho, viwanda vingi viliutengeneza kwa chuma kisichoshika kutu hata pale ambapo sehemu nyingine zote ni shaba ya manjano iliyopakwa rangi ya dhahabu au kromu. Ndiyo maana saa nyingi za wazee wetu zina maneno "fond acier inoxydable". Wengine hujisifu kwamba saa yao yote ni chuma safi, kumbe maneno hayo yanasema juu ya mgongo peke yake. Saa ya baba ina maneno hayohayo. Mbele rangi ya dhahabu imekwisha kwenye pembe, shaba imejitokeza. Nyuma, herufi za jina lake ni kali kama zimechongwa jana.

Mgongo ukiwa mlango, basi ni mahali pa kufaa pa kuandika kile ambacho hakina nafasi usoni. Jeshi la Uingereza, katika vita vya pili vya dunia, liliagiza saa kwa viwanda 12 vya Uswisi, na mgongoni mwa kila moja likaweka alama ya mshale, herufi tatu za W na namba. Leo wapo watu wanaotumia miaka mingi kuzitafuta zote 12. Mwaka 1931 kiwanda cha Jaeger-LeCoultre kilitoa saa iitwayo Reverso, inayoweza kugeuzwa ndani ya fremu yake, ili maofisa waliocheza polo huko India wasivunje kioo. Mgongo uliogeuzwa ukawa bamba tupu la chuma, na watu hawakuweza kuliacha tupu: wakachonga nembo za familia, tarehe za ndoa, herufi za majina. Omega nayo, baada ya 1969, ilichonga mgongoni mwa saa zake za Speedmaster kwamba ndiyo saa ya kwanza kuvaliwa mwezini. Rolex, kinyume chake, imeacha mtupu mgongo wa saa zake nyingi, na wapenzi wake hawalalamiki. Siku hizi viwanda vingi huweka kioo nyuma ili mitambo ionekane. Ni jambo la kupendeza, tunakiri. Ila kioo hakichongwi jina kwa urahisi.

Kwa kuwa maandishi yana bei, uongo nao umefuata. Wapo wanaochonga mshale wa jeshi juu ya saa ya raia. Wapo wanaotoa mgongo wa saa moja na kuutia kwenye nyingine ya aina ileile. Mkusanyaji mwangalifu hufungua, akalinganisha namba iliyopigwa ndani ya kifuniko na kumbukumbu za kiwanda; hutazama kama herufi zina kina kilekile, maana mashine ya kung'arishia hula chuma kidogo kidogo na kuacha herufi zimefifia kama maandishi ya ubaoni yaliyofutwa kwa kiganja. Sisi tuliofundisha walimu wanafunzi kwa miaka mingi tulikuwa tukiwaambia: mnapokusanya madaftari, msisahau kurasa za mwisho. Ukurasa wa kwanza mtoto huandika kwa ajili ya mwalimu. Mwishoni ndipo anapochora, anapofanya hesabu zake za kweli, anapoandika jina la rafiki yake.

Tuliyajua hayo yote, na bado tulikwenda kwa fundi kumwomba asugue jina. Dola 80 zilikuwa dola 80.

Fundi huyo ni mzee, huketi barazani karibu na soko akiwa na meza ndogo na taa. Alituambia kwamba hasugui mgongo ukiwa juu ya saa, kwa sababu vumbi la chuma litaingia kwenye mitambo. Ni lazima kwanza autoe. Akaingiza ncha ya kisu penye kijipengo cha pembeni, ukafunguka kwa mlio mdogo. Akautazama upande wa ndani kwa kioo chake cha kukuzia, akanyamaza, kisha akatupatia kile kioo.

"Mwalimu, angalia. Wenzangu wamepita hapa."

Ndani ya kifuniko, katika chuma kinachong'aa kisichoguswa na jasho la mtu, palikuwa na mikwaruzo myembamba kama unywele. Fundi alitueleza kwamba ndiyo desturi ya mafundi wa saa tangu zamani, huku kwetu na Ulaya: anayefungua hukwaruza tarehe au alama yake kwa sindano, ili saa ikirudi ajue ni lini aliishika. Mwenye saa anaweza kuivaa maisha yake yote asiione. Palikuwa na tarehe tatu: 4.82, 9.87 na 11.91.

Mbili za kwanza hazikutusumbua. Ya tatu tuliisoma mara mbili. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1991 tulikuwa wanafunzi wa ualimu, na tulikuwa tumefukuzwa masomoni kwa kukosa minervali. Ulikuwa mwaka wa uporaji mijini, mishahara haikuja. Baba alituambia kwamba hana kitu, nasi tulimsadiki, tukakaa nyumbani hadi mwaka uliofuata. Sasa hapa palikuwa na alama kwamba katika mwezi uleule saa yake ilikuwa mezani kwa fundi.

Tulimwuliza mzee: je, fundi hukwaruza tarehe anapotengeneza tu?

"Hapana, mwalimu. Hata mtu akileta saa kuiuza, mnunuzi humtuma fundi aifungue aone kama mashine ni nzima. Mwingine hukwaruza, mwingine hapana. Alama inasema kwamba ilifunguliwa. Zaidi ya hapo haisemi."

Basi ama baba alilipa fedha ya kutengeneza saa siku zile alizotuambia hana fedha, ama aliipeleka kuiuza kwa ajili yetu, akaambiwa maneno yaleyale tuliyoambiwa sisi kuhusu jina, akarudi nayo nyumbani. Mama yetu amekwisha kufariki. Hakuna wa kuulizwa. Tulikaa kwenye kigoda cha mzee kitambo, kile kifuniko mkononi. Kisha tukamwomba airudishe saa kama ilivyokuwa.

"Nisisugue?"

"Usisugue, mzee."

Alikwaruza tarehe yake chini ya zile tatu, akafunga, akatutoza faranga 5,000 kwa kazi ya kufungua na kufunga. Tulilipa.

Minervali ya binti yetu tulikopa kwa wenzetu wa likelemba, lakini zamu yetu ilichelewa, akakosa mitihani ya kwanza, akafanya ile ya pili katika majira ya likizo. Hakutuficha hasira yake. "Papa, kwa ajili ya jina la babu tu?" Tulimweleza habari za tarehe. Alisikiliza, akasema kwamba babu huenda alitengeneza tu saa yake. Hilo linawezekana.

Siku hizi ndiye anayeivaa, maana yetu ya betri inatutosha. Ametuomba mara mbili tuifungue aione ile mikwaruzo kwa macho yake. Tumemwambia kwamba kila inapofunguliwa vumbi huingia, asubiri mpaka itakaposimama tena.